Aliyekuonyesha Njia ya Maji Taka

Manyatta, Kisumu

Achieng' mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako bado yuko sokoni Kibuye anamalizia kuuza. Nyumba imenyamaza. Sanduku lako liko hapa mlangoni, nami nimekaa karibu nalo kama mtu anayemlinda mgonjwa. Kesho jioni utapanda gari moshi. Habari za blanketi, za kufunga mlango na za kutokula ovyo njiani mama yako ameshakwambia mpaka umechoka. Huko sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na kwa kuwa najijua, mdomo hautaliweza. Naliandika.

Keshokutwa asubuhi utakaposhuka Nairobi, mtu atakayekupokea stesheni ni Salim. Mimi nitakuwa hapa. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Ulipopata nafasi ya kusomea uinjinia, ukaniambia kwamba Salim na mkewe wamekubali ukae kwao, nilikataa. Nilisema sisi hatuombi watu makao. Ulilia ukiwa umegeukia ukuta, mama yako akaninunia, kisha siku moja nikarudi nyumbani nikasema utakwenda, bila kueleza. Hukuuliza. Wewe si mtu wa kuuliza mara mbili, hapo umenirithi. Lakini sitaki uondoke ukidhani ilikuwa heshima ya nyumba. Haikuwa heshima. Ilikuwa wivu. Nimemwonea Salim wivu tangu kabla hujazaliwa, na wewe, bila kujua, ndiwe uliyeuzidisha.

Tulikua wote Kaloleni, milango inatazamana. Baba yake alikuwa ametoka Pwani zamani akifuata kazi ya reli, mama yake ni mtu wa hapa hapa aliyesilimu. Asubuhi mama huyo alikuwa akikaanga mandazi, na Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikiokota jikoni kwake, kabla sijamwoa mama yako Mluhya na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Kwa hiyo unaona, hata maneno ya kumlalamikia Salim nimeyapata kwao.

Shuleni tulianza pamoja. Yeye alikuwa akielewa jambo likiwa bado liko ubaoni. Mimi nilielewa baadaye, jioni, nikiwa peke yangu, na nilidhani kuelewa jioni si kuelewa. Nilipofika kidato cha pili niliacha. Hakuna aliyenifukuza. Nilichoka kukaa nyuma ya kichwa chake. Nikajiambia mwanamume anahitaji kazi, kitabu ni cha wasio na mikono. Nilikuwa kijana mjinga mwenye mikono mizuri.

Na mikono ilikuwa mizuri kweli. Miaka ile, mwanzoni mwa themanini, mji ulikuwa unalaza mabomba makubwa ya kupeleka maji taka kwenye mabwawa kando ya ziwa. Niliandikwa kuchimba mtaro. Kisha nikafundishwa kulaza bomba, kisha kuziba maungio, kisha nikapewa kundi langu. Udongo wa kule bondeni unaujua, ule mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, mvua ikija unavimba na kusukuma kila kitu. Ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Tulikuwa tunalaza bomba huku tumesimama kwenye tope la kiunoni, na watu walisema laini iliyolazwa na Odongo haivuji. Nilikuwa napita mjini nikijua chini ya miguu ya watu wote kuna kitu changu.

Ndipo Salim akarudi kutoka masomoni. Akarudi injinia, akawekwa juu yetu.

Siku ya kwanza alikuja mtaroni na viatu vipya. Aliponiona aliruka tope lote, akanikumbatia mbele ya wafanyakazi. "Omera, ndugu yangu Odongo. Kumbe ni wewe." Wenzangu walicheka kwa furaha. Mimi nilisimama na koleo langu mkononi nikihisi kifua kinawaka. Angenidharau ningejua la kufanya. Lakini alinikumbatia, na shati lake likachafuka, wala hakulitazama.

Muda mfupi baadaye alipima kipande tulichokuwa tumekilaza. Alipima mara ya pili, akaja kwangu taratibu asisikike na watu.

"Hapa pamelala sana," akasema. "Maji yatapita lakini uchafu utabaki. Utajikusanya."

"Pako sawa," nikamwambia. "Nimelaza mabomba mengi kuliko uliyoyasoma."

"Najua. Lakini hapa pamelala."

Nilibisha. Akanipa chombo chake nitazame mwenyewe. Nikatazama, na pale palikuwa pamelala. Bomba linataka mteremko wake mdogo, si zaidi wala si pungufu. Ukilizidishia maji hukimbia yakaacha uchafu nyuma, ukilipunguzia uchafu hukaa. Tulichimbua kipande kizima. Salim alivua viatu vyake vipya akaingia nasi, akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Watu walimpenda tangu siku ile. Mimi nilichimba pembeni yake nikiomba Mungu mpini wake uvunjike.

Kwa Kijaluo wivu ni nyiego, na mke mwenza wanawake humwita nyieka, kana kwamba wivu ni aina ya undugu. Mimi sina mke wa pili, lakini nimeishi na Salim kama nyieka. Tuliolewa na mji mmoja, kila mtu akichungulia sufuria ya mwenzake. Hapo nimesema uongo. Yeye hakuwahi kuchungulia yangu.

Laini ilipomalizika kulikuwa na sherehe ndogo pale mabwawani. Mgeni akahutubu, akamshukuru injinia wetu kijana. Salim akaomba nafasi, akasimama, akataja majina yetu, akaanza na langu. Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa na mimba yako, alipiga makofi mpaka nikaona aibu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, anafanya hivi ili aonekane mwema. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba nilipewa kitu kizuri siku ile nikakitemea mate mwenyewe kabla sijakionja.

Sasa nije kwako.

Ulikuwa mdogo, umeanza shule juzi. Ulikuja kuniuliza, "Baba, choo ikivutwa, maji inaenda wapi?" Nilikuwa nimerudi kazini nanuka, nimechoka, nataka kula. Nikasema, "Inaenda ziwani. Kaa chini." Ukakaa. Salim alikuwa amekuja kunywa chai, siku hizo alikuwa bado anakuja. Akakuita. Akachukua kijiti akachora kwenye vumbi la ua: nyumba yetu, bomba dogo, bomba kubwa, chemba, yaani yale mashimo ya kushukia kukagua bomba, kisha mabwawa, la kwanza, la pili, la mwisho, ndipo ziwa. Uliuliza maswali mpaka chai yake ikapoa.

Jumamosi akaja na pikapu ya kazi akasema nikuruhusu ukaone. Tulikwenda wote watatu. Alikuinua begani kwenye kingo za bwawa. Akakuonyesha la kwanza, jeusi, linatoa mapovu kama uji ulio jikoni, akakwambia chini kule kuna wadudu wadogo wasioonekana wanakula. Akakuonyesha la pili lilivyoanza kuwa kijani, akakwambia jua na mwani vinafanya kazi bila mshahara. La mwisho lilikuwa na yangeyange weupe wamesimama kwa mguu mmoja, na maji yanatoka kwa utaratibu kwenye mfereji. Ukasema, "Kwa hiyo haipotei. Inatengenezwa."

Njia nzima ya kurudi ulikuwa unarudia jina lake. Injinia Salim amesema hivi, injinia Salim amesema vile. Ulilala na jina lake mdomoni. Na mabwawa yale, mwanangu, mimi ndiye niliyelaza bomba linaloingia bwawa la kwanza. Nilikuwa napita pale kila juma. Ningeweza kukupeleka siku yoyote. Haikunijia akilini kwamba kazi inayonuka ni kitu cha kumwonyesha mtoto. Nilikuwa nakuficha kazi yangu. Nilikuwa naoga bombani nje kabla ya kukushika. Yeye alikuja akakufunulia akasema tazama. Na ulipotazama ukapenda, na aliyepata pendo ni yeye.

Usiku ule mama yako alisema, "Salim anajua kuongea na watoto." Nikamwambia aende akapikie Salim basi. Baada ya hapo alipunguza kumtaja, na nyumba iliyokuwa na jina la mtu mmoja kila wakati ikawa na shimo pale jina lilipokuwa.

Habari ya Kibuye unaijua kwa macho. Ulikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, unamsaidia mama yako kukunja mitumba. Lakini kuna upande uliokuwa chini ya ardhi, na huo sijawahi kukusimulia.

Laini ilikuwa imeziba kwa maganda ya mahindi, matambara na karatasi za nailoni, vitu ambavyo watu wa soko huvitupa kwenye chemba kama shimo la taka. Maji yakapanda mpaka kwenye meza za wauza nyanya. Nilifika na kundi langu. Utaratibu tuliujua, Salim ndiye aliyeuleta: unafungua chemba ya juu na ya chini, unangoja hewa itembee, unateremsha taa kwanza, na anayeshuka anafungwa kamba kifuani. Hewa ile ya chini hunuka kama yai viza. Ikizidi sana pua hufa. Husikii harufu tena, ukadhani imekwisha, na hapo ndipo inapokuchukua.

Nilikuwa nangoja, vizuri kabisa, nilipomsikia mama mmoja wa nyanya akimwambia mwenzake, "Si wangoje injinia akuje? Huyu yeye kazi yake ni kuchimba tu."

Okelo, fundi wangu, akaona uso wangu. Akasema, "Mzee, tungoje kidogo. Harufu bado iko."

"Nilianza kuingia haya mashimo kabla hujaoa," nikamwambia.

Nikashuka. Kamba ilikuwa inanasa kwenye vyuma vya kukanyagia, nikaifungua. Nilifika chini nikaanza kuvuta yale matambara kwa ndoano. Yalipoachia, maji yakavuma na hewa ikaja nayo. Kisha nikaona harufu imekwisha kabisa. Kumbukumbu yangu ya mwisho ni furaha, nikijiambia, nimemaliza kabla hajafika.

Mengine nilisimuliwa. Okelo alitaka kunifuata, na mwingine nyuma yake. Pikapu ya Salim ikaingia sokoni wakati huo huo. Alisimama mdomoni mwa chemba akatandaza mikono. "Hakuna mtu anaingia. Mkiingia nitatoa maiti tatu." Watu wakamtukana. Mama yako alimkamata shati akamwambia ana roho ya jiwe, mume wake anakufa. Yeye akawa anaagiza tu, sauti haipandi: fungueni ile, fungueni na ile, leteni mashine ya hewa, maana kulikuwa na watu wanavunja barabara pale karibu. Wakateremsha mpira wa hewa chini. Alipoona inatosha alijifunga kamba akashuka yeye mwenyewe. Alinikuta nimeegemea vyuma, uso juu ya maji. Akanifunga. Wakatuvuta.

Nilipozinduka hospitalini sikufumbua macho. Nilisikia sauti yako. Ulikuwa unamuuliza, "Kwa nini ulingoja? Kwa nini hukuingia haraka?" Hukulia, ulikuwa unauliza kwa ukali, kama polisi. Naye hakukwambia wewe ni mtoto. Alikueleza hewa ile ni nini, inafanyaje damu, kwa nini anayemfuata mwenzake bila kungoja humfuata moja kwa moja. Ulisikiliza. Nililala pale nikijifanya bado nimezirai, nikimsikia mtu mwingine akikueleza kwa nini baba yako yu hai.

Nilipofumbua macho alikuwa peke yake. Akasema, "Umeniogopesha, omera."

Nikamwambia, "Kofia yangu iko wapi?"

Hilo ndilo neno nililompa. Wala sikumpa jingine. Mtu akikufanyia ubaya, wivu wako unapata pa kukaa, hata watu wanakuelewa. Mtu akikurudishia uhai unaumwagia wapi? Nilitembea na mapafu yangu mjini nikiyaona kama vitu vya kuazima. Watu walinisimamisha, "Bwana Odongo, una bahati una rafiki kama yule." Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Nawe ukaanza kumwandikia hesabu zako kwenye karatasi ili azitazame, ukawa unazificha nisione. Nilikuwa naziona.

Alipopata kazi Nairobi alikuja kuaga. Nilimwambia mama yako aseme sipo. Mama yako hajui kusema uongo, akasimama mlangoni akamwambia, "Yuko, lakini amesema niseme hayuko." Salim alicheka. Akapaza sauti dirishani, "Odongo, ile laini ya Kibuye isafishe kabla ya mvua," akaenda zake.

Nikafurahi, nakuambia ukweli. Nilidhani ataondoka na wivu wangu kwenye begi lake. Watu wakaanza kuniuliza mimi mambo ya mabomba. Mainjinia wapya walikuja na kuondoka, na kila mmoja aliambiwa amuone Odongo kwanza. Nilipata kila kitu nilichokitaka. Lakini kila nikisimama juu ya chemba nilikuwa nasema kimoyomoyo, angefanyaje yeye? Na baadaye nikatambua jambo lingine la kuudhi. Kila ninachokijua vizuri kuhusu mteremko, hewa, pampu na mabwawa, nilikijua kwa kumvizia Salim nikitafuta atakapokosea. Nilimsoma miaka yote ile kuliko nilivyosoma darasani. Ningeweza kuuliza tu. Angeniambia huku tunakunywa chai.

Sasa nifike mwisho, ambao ni mgumu zaidi, kwa sababu ni habari yako.

Nilipokataa usiende kwao, mama yako alininunia siku nyingi. Halafu jioni moja, anachambua sukuma wiki, bila kunitazama, akasema, "Baba Achieng', unataka mtoto awe mdogo ndio abaki wako?" Nikatoka nje. Nilikasirika, na hasira ile sikuweza kuipeleka mahali popote.

Kisha mvua ikaja. Unaikumbuka ile mvua, barabara ya Nyamasaria ikawa mto na magugu maji yakasukumwa ufukweni mpaka ziwa likaonekana kama shamba. Kule Nyalenda chemba zilikuwa zinatapika, maji taka yanaingia kwenye nyumba za watu, wanawake wanapandisha magodoro juu ya meza. Tulikuwa tumeshinda kwenye pampu. Tumeifungua, tumeifunga, tumeisikiliza. Ulikuja mchana na chakula, umekunja sketi yako, umeshika sandali mkononi. Ulitazama ndani ya chemba muda mrefu. Ukasema, si kwa kelele:

"Baba, pampu ni nzima. Angalia rangi. Hii si maji ya choo, ni ya mvua. Kuna watu wameelekeza maji ya mabati yao kwa bomba."

Okelo akachungulia. Akacheka, "Huyu ni injinia kabisa."

Nami nikakwambia, "Nenda nyumbani. Hapa si mahali pa watoto."

Uliweka chakula chini ukaondoka. Hukugeuka.

Nilikutazama ukienda kwenye maji yale, na kifua kikawaka. Joto lile nililijua. Ni lile lile la mtaroni, la siku ya viatu vipya. Nikajikuta natafuta kosa kwa ulichosema. Nilikutafutia kosa, Achieng', wewe, niliyekubeba mgongoni kwenda kuchanjwa. Nilitazama yale maji ya rangi ya udongo nikitamani yawe meusi ili uwe umekosea. Nilitaka nyumba za watu ziendelee kujaa kidogo, ili nisishindwe na mtoto wangu mbele ya Okelo.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata chini ya Kibuye, maana kule sikujua kinachonipata. Hapa nilijua. Wivu wangu ulikuwa umemaliza kumla Salim, umemkosa, sasa umeingia nyumbani. Nilijua nikiuacha utakufanyaje. Ungekuja na jambo zuri mkononi, nami ningeuliza kofia yangu iko wapi.

Kwanza tulifanya ulivyosema. Tulipita nyumba hadi nyumba mimi na Okelo, tukakuta mifereji ya mabati imechomekwa kwenye chemba ua baada ya ua, mingine kwa miaka. Watu walibisha, tukabembeleza, tukang'oa. Maji yakaanza kushuka. Sikukwambia. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala. Sasa nakwambia: ulikuwa umeona sawa, na mimi sikuwa nimeona.

Siku ya pili yake nilikwenda kwenye simu za posta. Namba nilikuwa nayo mfukoni siku nyingi, mama yako aliiweka akijifanya ameisahau.

"Salim."

"Nani huyo?"

"Odongo."

Nilisikia redio nyumbani kwake, na mtu anaipunguza sauti.

"Achieng' atakuja," nikasema. "Kama bado mna nafasi."

"Nafasi iko. Iko tu." Kisha akasema, "Na wewe? Uje uone mtoto amekaa wapi."

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Niliiweka chini mwenyewe nikasimama pale mpaka mtu nyuma yangu akagonga mlango wa kibanda.

Kwa hiyo usidhani nimepona. Keshokutwa asubuhi nitajua saa ya gari moshi kufika, nami nitawaona mpaka huku, anachukua sanduku lako, anakuuliza safari ilikuwaje, nawe unaanza kueleza kabla hujashuka vizuri. Itaniuma. Nitakwenda kazini niwakaripie watu bure, na Okelo atajua sababu. Sikwambii usiwe na wivu pia. Utakuwa nao. Huko chuoni kutakuwa na vijana watakaoelewa jambo likiwa bado liko ubaoni, nawe labda utaelewa jioni, kama mimi. Kuelewa jioni ni kuelewa. Hilo ningepata mtu wa kuniambia nisingeacha shule. Na ukimwona mtu anafanya kazi vizuri mpaka roho inakuuma, msogelee umuulize anafanyaje. Mimi nilichukua njia ndefu.

Yale ya kumshukuru Salim usiyabebe wewe. Si mzigo wako, na usimwonyeshe barua hii. Nikiweza nitakuja mwenyewe Krismasi na mama yako, nikae kwenye kiti chake, ninywe chai yake, niseme. Nikishindwa kusema nitakuwa nimekuja angalau.

Sasa namsikia mama yako anaweka mzigo chini pale nje, anamwambia jirani gari la kesho litajaa. Nimalizie.

Siku moja utachora bomba lako mwenyewe, mahali fulani, katika mji nisioujua. Watalichimbia, watalilaza, na utasimama juu ya chemba kusikiliza kama maji yanakuja. Yatakuja. Yanavuma kwanza mbali, kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili, kisha yanapita chini ya miguu yako. Siku hiyo watu watakushika mkono, na wewe utataka kumwambia mtu. Tafuta simu, au kalamu, uniambie mimi kwanza. Salim mwambie kesho yake.

Baba yako,
Odongo